Lushoto ya Kipupwe: Mwongozo Kamili wa Matembezi Madogo Ukungu Ukiwa Umetanda

Watu wa Dar es Salaam na Tanga wakipanga safari ya Lushoto huanza na orodha: Irente, Soni, Magamba, Mtae, na picha ya kila mahali. Orodha hiyo inafaa Januari, au Septemba, anga likiwa wazi. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu ndio unaopanga ratiba, na mgeni anayeng'ang'ania orodha yake huishia kusimama juu ya jabali la Irente saa moja asubuhi akitazama weupe mtupu, kisha anarudi mjini akilalamika kwamba Lushoto haina kitu.

Ina vitu, ila wakati wa kipupwe ni vidogo na kila kimoja kina saa yake. Mwongozo huu unafuata saa hizo. Nitaanza na baridi yenyewe, kwa sababu ukiielewa utaweza kupanga siku zako bila kumuuliza mtu.

Baridi ya huku inavyofanya kazi

Mji wa Lushoto uko kwenye Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, pale chini barabara kuu inapopita, ni kama mita 400 tu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo kilomita 33 za barabara kutoka Mombo zinatosha kukutoa kwenye fulana na kukuingiza kwenye koti. Usiku wa Julai mjini joto hushuka mara nyingi hadi nyuzi 10 au 12, na ukipanda Magamba linashuka zaidi.

Jambo la pili ni upepo. Miezi hii inavuma kusi, inayotoka baharini upande wa kusini-mashariki ikiwa na unyevu. Ikigonga milima inasukumwa juu, inapoa, na unyevu wake unageuka mawingu na manyunyu. Pande za mashariki na sehemu za juu, kama Bumbuli na msitu wa Magamba, ndizo zinazopokea. Ukingo wa magharibi, yaani Irente na vijiji vya Mambo na Mtae, hupata upepo uliokwisha kuacha maji mengi njiani. Ndiyo maana unaweza kuondoka mjini kuna manyunyu, ukafika Irente ukakuta jua.

La tatu ni bonde. Mji umekaa bondeni, na usiku hewa nzito ya baridi huteremka kutoka vilimani ikatulia humo. Asubuhi ukiamka huoni nyumba ya jirani. Subiri. Kwa kawaida ukungu huo wa bondeni unaanza kupanda kuanzia saa 3, na saa 4 au 5 umeshakatika. Siku nyingine haukatiki kabisa, na siku hizo nazo zina matembezi yake, nitayaeleza.

Kwa kifupi: ukungu ukiwa umetanda nenda msituni au sokoni, ukianza kukatika elekea ukingo wa magharibi, jioni ukiwa wazi baki hukohuko ukingoni jua likizama. Mengine yote humu ni maelezo ya kanuni hiyo.

Kuchagua siku

Tenga usiku usiopungua 2, na kama unaweza uwe 3. Anayekuja Jumamosi na kuondoka Jumapili anacheza bahati nasibu na ukungu.

Likizo ya shule ya katikati ya mwaka, Saba Saba na Nane Nane huleta familia nyingi, na vyumba vyenye maji ya moto ndivyo vinavyokwisha kwanza. Kama huna watoto wa shule, njoo katikati ya wiki. Juni mabonde bado ni ya kijani kibichi na maporomoko yana maji ya masika. Agosti vumbi limeanza barabara za vijijini na maji yamepungua, lakini saa za jua zinaongezeka. Julai ndiyo baridi yenyewe. Mimi naipenda Julai, ingawa sitamshauri mtu mwenye pumu au mzee anayesumbuliwa na viungo achague mwezi huo.

Panga pia ili walau siku moja iangukie gulio. Miji na vijiji vya huku hupokezana siku za gulio katika wiki, na konda wa gari la Mombo–Lushoto anazijua zote kwa moyo kuliko mtandao wowote. Muulize mkiwa njiani.

Mzigo

Kosa la kawaida ni kubeba koti moja zito na chini yake fulana. Mchana jua likitoka utalivua, utalibeba mkononi, na ukiingia kivulini utatetemeka na jasho lako. Beba nguo za kuvaa moja juu ya nyingine: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, na juu kabisa koti jepesi lisilopitisha maji. Manyunyu ya huku hayalowanishi ghafla. Yanapenya polepole mpaka unagundua sweta limekuwa zito. Ongeza mzula wa kichwani, soksi nzito jozi 3, na tochi.

Viatu viwe na meno. Udongo wa Usambara ni mwekundu na wa mfinyanzi, ukilowa unateleza kama sabuni, na njia nyingi za miguu ni za mteremko. Raba zenye soli iliyolika ziache nyumbani. Mwavuli nao hausaidii ukingoni kwenye upepo, lakini sokoni unafaa.

Kama huna nguo za baridi usinunue mpya. Mitumba ya Ilala ina masweta mazito ya kila aina, na hata ukifika Lushoto mikono mitupu, mitumba ya pale sokoni imechaguliwa na watu wanaoijua baridi. Utakuta makoti ya sufu yamerundikwa juu ya turubai, na mama muuzaji atakuangalia mara moja akujue umetoka kwenye joto la chini: "Karibu baba, chukua hili, usiku utanikumbuka."

Beba dawa zako, hasa za pumu na presha. Pesa taslimu beba za kutosha kwa vijijini. Mjini kuna benki na mawakala wa simu wa kutosha.

Kupanda kutoka Mombo

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 370. Mabasi ya moja kwa moja hutoka asubuhi katika Kituo cha Magufuli, Mbezi. Ukilikosa, panda basi lolote la Moshi au Arusha, shuka Mombo, kisha chukua gari dogo la kupanda mlima. Anayetoka Moshi au Arusha naye anashukia hapohapo. Lenga kufika Mombo kabla ya saa 10 jioni. Barabara ya juu ni ya lami lakini ni nyembamba, ina kona kali, na kuipanda gizani kwenye ukungu unakosa kitu kizuri: mabonde yanavyofunguka moja baada ya jingine upande mmoja, na mwamba ukikugusa bega upande wa pili.

Vaa sweta mkifika Soni, kabla hujahisi baridi. Ukingoja kutetemeka umechelewa.

Kwa wanaoendesha wenyewe: piga honi kila kona usiyoiona mbele, na mpe nafasi anayepanda. Kwenye ukungu washa taa za chini. Taa kamili humulika ukungu wenyewe na kukupofusha. Siku ya kushuka tumia gia ndogo, injini ikusaidie kushikilia gari. Ukishuka kwa kukanyaga breki mwanzo hadi mwisho, zitapata moto na kuanza kuteleza, na kona za kuelekea Mombo hazisamehe.

Soni, katikati ya safari, ina maporomoko unayoweza kuyaona karibu na barabara. Usiyatengee siku nzima. Simama nusu saa, shuka kwa uangalifu maana mawe yana utelezi, kunywa chai stendi, endelea. Karibu na hapo, Magila, kuna jiwe kubwa ambalo wenyeji husema linakua. Maelezo ya kawaida ni kwamba udongo ulio chini yake unamomonyoka, hivyo jiwe linazidi kujitokeza. Wazee watakupa maelezo mengine, na yao yana utamu zaidi. Ukiwa na gari na hamu ya kununua vitu vya mapadri, Sakharani, misheni ya Wabenediktini kwenye eneo hilohilo la Soni, wanalima makadamia na zabibu.

Alasiri ya kwanza: mji kwa miguu

Ukishaweka mzigo gesti, usikimbilie Irente siku hiyohiyo. Mwili umetoka kwenye joto, umekaa kwenye basi saa nyingi, na kupanda kilima kwenye baridi kutakupa kichwa kuuma. Tembea mjini.

Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari Wilhelm wa Pili, wakaufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Nyumba kadhaa za wakati ule bado zimesimama, zenye kuta nene na mapaa yaliyoinama sana. Leo mji una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kwa hiyo usishangae kukuta vijana wa suti nyeusi wanakula mahindi ya kuchoma stendi. Pia kuna kituo cha utafiti wa misitu cha TAFORI, na miti iliyopandwa kwa majaribio enzi na enzi. Kutembea chini ya miti hiyo jioni ya ukungu ni matembezi kamili, hayana kiingilio.

Wasalimie watu. Kiswahili kinatosha kabisa, lakini ukimwambia mzee wa Kisambaa "onga mshi" mchana, au "onga maundo" asubuhi, utaona uso unavyobadilika. Shukrani ni "hongea". Wakubwa wape shikamoo yao. Huku haijapitwa na wakati.

Kaa kwenye kibanda cha mama lishe, agiza chai ya maziwa yenye tangawizi na andazi la moto. Shika kikombe kwa mikono miwili kama wanavyofanya wenyeji wote waliokuzunguka, na sikiliza habari za bei ya karoti.

Irente, na namna ya kuusubiri ukungu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapokosea saa.

Jabali la Irente liko kilomita 5 hadi 7 kutoka mjini kutegemea njia utakayopita. Kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu hadi saa 2, wa kupanda taratibu katikati ya mashamba na nyumba. Bodaboda watakufikisha kwa dakika chache, lakini ukipanda bodaboda asubuhi ya Julai bila glavu utafika vidole vimekufa ganzi.

Ondoka mjini saa 3 au saa 3 na nusu, ukungu ukiwa bado upo. Ndiyo, ukiwa bado upo. Utatembea ndani yake, na utaona vitu vilivyo karibu tu: buibui wametandaza nyavu kwenye ua wa majani zikiwa zimejaa matone, ng'ombe wa maziwa anakula matete zizini, wanafunzi wamevaa masweta ya shule na kubeba kuni. Mashambani utaona matuta na makingamaji yaliyochorwa kufuata mgongo wa kilima. Usiyapite bila kuyaangalia. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijaribu kuwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta miaka ya 1940 na 1950, nao wakagoma mpaka mpango ukaachwa. Makinga ya leo wakulima wameyatengeneza wenyewe baada ya uhuru, miradi ya kuhifadhi udongo ilipokuja na majani ya kulisha mifugo ya kupanda juu ya kingo. Kwa hiyo kila ukingo una faida mara mbili, na ndiyo maana umedumu.

Kama kilomita moja na nusu kabla ya jabali utalikuta shamba la Irente, la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Ingia hapo kwanza. Wanauza jibini, mkate wa rai na jamu vinavyotengenezwa hapohapo, na unaweza kula ukiwa umekaa bustanini. Kaa hadi uone kivuli chako kwenye nyasi. Kivuli kikitokea, ukungu unakatika, inuka uende.

Pale juu lipa kiingilio chao kidogo na udai risiti. Kisha sogea kwenye mwamba, lakini usifike ukingoni kabisa. Hakuna ukuta wa kukuzuia, jiwe linaweza kuwa na umande, na chini ya miguu yako ni mteremko wa takribani mita 1,000 hadi uwanda wa Mazinde. Watoto washikwe mkono, na hili sio ombi.

Ukungu ukikatika pale haukatiki wote pamoja. Kwanza linatokea tundu, na ndani ya tundu unaona kipande cha shamba la mkonge, mistari imenyooka, kidogo mno. Tundu linafungwa. Linafunguka mahali pengine, unaona lori kwenye barabara kuu ya Arusha likitembea bila sauti. Robo saa baadaye uwanda wote uko wazi, umejaa jua na joto ambalo wewe hulihisi, na upepo unaopanda kutoka kule chini unakupiga usoni ukiwa vuguvugu. Kutetemeka huku unatazama joto la wenzako ni jambo la kuchekesha kidogo.

Ikifika saa 6 mchana bado kweupe, usikate tamaa wala usikae ukigandamana na mwamba. Rudi mjini, ukale, ujaribu tena saa 11 jioni. Irente inaangalia magharibi, kwa hiyo machweo ndiyo mali yake kubwa. Jua miezi hii linazama saa 12 na nusu hivi. Likishazama giza linaingia haraka na baridi inashuka nalo, kwa hiyo bodaboda ya kurudi ipange mapema, mwambie akungoje, na tochi uwe nayo mfukoni. Kusaka usafiri pale juu saa 1 usiku ni kujitafutia mafua.

Magamba: msitu wa siku ambayo ukungu umegoma

Siku ambayo asubuhi mpaka saa 4 huoni kitu, usiende popote pa kutazama mbali. Nenda Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba. Msitu huu wa zaidi ya hekta 9,000 uko juu ya mji, na ukungu ndio chakula chake.

Taratibu kwanza. Hifadhi iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Unalipia kibali kwa namba ya malipo ya serikali, raia wa Tanzania wakilipa kidogo kuliko wageni wa nje, na unaingia na mwongozaji. Waongozaji wa mjini wamejipanga kwenye vikundi. Chukua mwenye kitambulisho, mkubaliane bei na njia kabla ya kuanza, na muulize kama bei hiyo ina kibali ndani yake au la. Ugomvi mwingi wa mwisho wa siku huzaliwa na swali hilo kutoulizwa. Vijana wanaokukamata stendi kabla hujashusha begi waage kwa adabu.

Njia ya kawaida huanzia eneo la Grewal, palipokuwa na kiwanda cha mbao zamani. Ukishaingia chini ya miti utasikia mvua. Nje hakunyeshi, ni majani na kuvumwani vinavyonasa matone ya ukungu na kuyadondosha chini, tone moja moja, kutwa nzima. Vijito vinavyoshuka mabondeni wakati wa kiangazi vinategemea sana kazi hiyo. Vuta kofia ya koti kichwani, tembea taratibu.

Muombe mwongozaji akuonyeshe mkulo, mti mkubwa wenye harufu ya karafuu maiti. Jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima hii. Mbao zake zilipendwa mno, kwa hiyo mikubwa iliyobaki ni michache kuliko unavyodhani. Mbega weusi wenye mabega meupe hukaa juu kabisa. Kwenye ukungu hutawaona kirahisi, lakini watanguruma, na mngurumo wao unatisha mtu asiyeujua. Kima hushuka chini zaidi. Kuna ndege wanaoishi Usambara tu, na kwa hao asubuhi ya mapema ndiyo saa.

Halafu vinyonga. Usambara Magharibi ina vinyonga wa pembe mbili wasiopatikana pengine duniani, na wapo pia wa pembe tatu. Wakati wa baridi ni wazito sana, hawana mbio wala hasira. Kuwaona vizuri ni usiku, kwa tochi, pembezoni mwa njia za mjini au vijijini: mwanga ukimpiga aliyelala kwenye tawi anaonekana mweupe. Tazama, piga picha moja bila kumgusa, endelea. Watoto wa wenyeji wengi wamefundishwa kumwogopa. Usimshike kinyonga ukawakimbiza naye kwa kutafuta kicheko.

Maua maarufu ya zambarau ya Usambara, yale ambayo Walter von Saint Paul-Illaire aliyapeleka Ujerumani miaka ya 1890, usiyatarajie njiani hapa. Mengi yako Usambara Mashariki, upande wa Amani.

Saa 3 au 4 za kutembea zinatosha. Baada ya hapo nguo zitakuwa zimelowa na mwili ukisimama unapoa. Beba chai kwenye chupa.

Gulio

Kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja tu cha Lushoto wakati wa baridi, ningeacha majabali yote nikachagua gulio. Halitegemei anga.

Fika saa 2 asubuhi. Akina mama wamekwisha kushuka kutoka vijijini, mizigo kichwani au kwenye malori madogo, vitenge vimefungwa mabegani na mizula kichwani. Matenga ya karoti yamefunikwa majani ya migomba ili zisikauke na upepo. Kabichi zimepangwa kama risasi za mizinga ya zamani, njegere ziko kwenye makopo, viazi mviringo bado vina udongo. Msimu huu ni wa mboga. Plamsi na pichi wanazozisifu watu ni za miezi ya Desemba na Januari, kwa hiyo anayekuuzia "plamsi za leo" mwezi wa Julai mwangalie mara mbili. Maparachichi yapo.

Namna ya kununua: msalimie kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu karoti." Uliza kipimo anachotumia, kopo, sado au fungu, kabla ya kuuliza bei, wageni huuliza bei halafu hushangaa fungu lilivyo dogo. Punguzo lipo lakini usilikamue sana. Mama yule ametoka nyumbani gizani. Picha omba ruhusa, na akikataa usipige kwa kujificha.

Maeneo haya yana Waislamu wengi na Walutheri wengi, wanaoishi pamoja bila shida. Vaa kwa heshima, na kumbuka Ijumaa mchana wafanyabiashara kadhaa hufunga kwenda msikitini.

Vijiji vya mbali, kwa mwenye siku ya ziada

Mlalo na Mtae ni vizuri, lakini jua mtego wa usafiri: magari ya vijijini hushuka mjini alfajiri na kurudi kijijini mchana. Ni kwa ajili ya mtu wa kijijini mwenye shughuli mjini, kwa hiyo mgeni yuko kinyume nayo. Ukipanda gari la mchana kwenda Mtae utalala hukohuko, na utaamshwa saa 10 usiku kuwahi la kurudi. Ama lala, ama kodi gari.

Mlalo ndiko wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walikoanzia kazi yao ya Usambara mwaka 1891, na mji wake una nyumba za ghorofa za udongo zenye vibaraza vya mbao, zimebanana bondeni. Mtae iko juu ya ukingo mwembamba, zaidi ya kilomita 60 kutoka Lushoto, na siku ya anga wazi unaona nyanda za Mkomazi, Milima ya Upare, na Kilimanjaro kwa mwenye bahati. Njiani utapita mashamba ya misonobari ya Shume. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walijenga huko njia ya waya ya kushushia magogo ya mwangati hadi Mkumbara, kwenye reli. Ukitazama ule mteremko utaelewa kwa nini hawakuhangaika na barabara. Mimi ningeenda Mtae mwishoni mwa Agosti, sio Julai.

Kwa wapenda historia ya kwetu, Vugha, upande wa Soni na Bumbuli, ndiko palipokuwa makao ya wafalme wa Wakilindi, ukoo wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ungulu akapewa utawala na Wasambaa. Nenda na mwenyeji, omba kumwona mzee kabla ya kuzurura.

Usiku

Wengi hupanga mchana vizuri na kuusahau usiku, wakati ndio wenye baridi.

Kabla ya kulipia chumba, fungua bomba la maji ya moto mwenyewe. Maneno "yapo" hayaogeshi. Kama ni ya ndoo sio vibaya, agiza yaletwe saa 12 jioni badala ya asubuhi. Hesabu mablanketi, omba la ziada mapema, na angalia dirisha linafunga. Chumba kinachopata jua la jioni kina joto kuliko kilicho nyuma.

Jiko la mkaa usiliingize chumbani, hata likiwa limebakia makaa mekundu tu, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Mkaa unaoungua hutoa gesi isiyo na harufu wala moshi, na watu hulala wasiamke. Kila msimu wa baridi nchini huwa na habari za namna hiyo. Kama unataka moto, ota nje au jikoni na wenyeji, ndiko kwenye mazungumzo pia. Kitandani tumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye soksi.

Kula mapema na kula vya moto: supu, maharage, viazi, ugali. Mikahawa ya mji huu inafunga mapema. Saa 3 usiku utakuta viti vimegeuzwa juu ya meza.

Kushuka

Tiketi ya basi la moja kwa moja kata siku moja kabla, na uliza saa ya kuripoti, kwa kuwa mabasi ya Dar huondoka asubuhi mapema kukiwa bado na giza na ukungu. Mboga nunua jioni ya mwisho mjini, sio Mombo, ambako bei imeshapandishwa na safari. Chagua zilizokauka maji ya nje. Karoti zilizooshwa huoza kabla hujafika Chalinze. Kabichi ziwekwe chini, karoti katikati, maparachichi magumu juu, tenga lifungwe kamba na liandikwe jina lako, na umwone konda kwa macho yako akiliweka kwenye buti. Sweta livulie Mombo, sio Soni.